Wimbo Uliopanda Wenyewe

Jumamosi, 5 Mei 1990

Daftari jipya. La zamani mama mwenye nyumba, Gahongayire, alilitumia kuwashia makaa. Ati alidhani ni karatasi za bure. Miaka miwili ya mawazo yangu imeivisha sufuria moja ya maharage! Hili naliandika kwa Kiswahili. Yeye anasoma Kinyarwanda, anasoma Kifaransa, na anasoma chochote kilichoachwa wazi mezani.

Leo kuna habari kubwa, lakini nianze na mpangilio. Tuko watu wanne Kigali hii tunaotengeneza muziki kwa vinanda vya umeme, kwa kupenda tu. Hatupigi harusini, hatupigi baa. Kila mtu anarekodi chumbani kwake, kisha kaseti inazunguka. Kaseti ni mbili. Ya kwanza ni ya nyimbo: unaipokea, unaongeza wako pale mwenzako alipoishia, unampa anayefuata. Nyimbo nne zikitimia, inazunguka tena ikiwa na ya pili, kaseti ya maneno. Unasikiliza nyimbo za wenzako, unawasha kinasa, unasema. Mambo matatu mazuri kwanza, halafu moja baya, halafu unataja wimbo uliokushinda. Wako hutaji. Na kaseti ya maneno hairudishwi nyuma, unaipokea ilipoishia, usije ukachungulia maneno ya wenzako. Jumapili ya tatu tunakutana na kuzisikia zote mbili kwa pamoja.

Aliyetajwa mara nyingi anakaa mwezi mzima na mashine ya ngoma. Hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Mashine ni ndogo kama kitabu cha sala, ina vitufe, inapiga ngoma bila kuchoka na bila kudai bia. Mwenyewe ni Jean-Berchmans, fundi redio wa Nyabugogo, ambaye kwa kuwa ni yake hashindani. Kwa miezi kumi na moja Générose ameichukua mara saba. Mwalimu Rutayisire mara nne. Mimi nimeruhusiwa kuifuta vumbi.

Sasa habari. Jean-Berchmans anahamia Liège, ng'ambo, kwa dada yake mwisho wa mwezi. Huko mashine za namna hiyo ziko nyingi kama sahani, hivyo hii anaiacha. Atakayeshinda safari hii anaichukua moja kwa moja. Moja kwa moja!

Générose alinikabidhi kaseti ya nyimbo pale dukani kwa Jean-Berchmans, mimi ndiye wa mwisho kurekodi. Kabla ya kunikabidhi akaupiga wake kwenye spika kubwa ya Jean-Berchmans. Nilikuwa nimejiandaa kutikisa kichwa kwa huruma. Sikuweza. Unaanza na kengele ndogo, tii, kisha kimya kirefu mpaka unadhani kaseti imekatika. Halafu unakuja mshindo mmoja wa chini, mzito, unaoingilia tumboni na si masikioni. Mteja aliyeleta pasi yake mbovu alisahau kuuliza iko wapi. Nami nilisahau kuwa na wivu kwa muda wa dakika tatu hivi.

Baadaye nilikumbuka.

Jumatatu, 7 Mei

Mpango wa kwanza: upelelezi. Mshindo ule hautoki kwenye kinanda cha kawaida. Ana chombo anachokificha, hakuna maelezo mengine.

Baada ya kazi nikaenda kwao Kagarama. Kisingizio nilikitengeneza njiani. Alipofungua mlango nilimuuliza kama ana uzi wa kahawia. Générose ni mpiga chapa wa ofisini, hajawahi kushona hata kifungo, lakini njiani kisingizio kilionekana imara.

Aliniangalia. Akauliza kama nimetoka Nyamirambo, nikapita mafundi cherehani wote wa Biryogo, nikavuka mji mzima, kutafuta uzi. Nikasema ndiyo, kahawia ya pekee. Akaita ndani, “Mama, weka chai, mpelelezi amefika.” Kisha akaniambia niingie nione.

Akanionyesha kila kitu! Hakuna kinachoudhi kama kuja kuiba ukakaribishwa. Kengele ni ya mashine ya kupigia chapa, ile inayolia mstari unapoisha. Huwa anarekodia ndani ya kabati la nguo, amekaa kwenye kigoda kati ya makoti, maana nguo zinameza mwangwi. Kwa saa nzima alinieleza anavyosogeza kipaza sauti kidole kimoja, anasikiliza, anasogeza kidole kingine. Jioni tatu kwa sauti moja. Mama yake akasema mara ya kwanza alipoona kabati linapumua alitaka kumwita padri.

Na mshindo? Nikauliza kama mtu asiyejali. Nilitegemea kitu cha Japani. Akasema ni gunia la maharage likitupwa chini Nyabugogo. Basi.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshiba chai na heshima. Mwanamke huyu anasikia vitu ambavyo sisi wengine tunavikanyaga. Kesho kutwa nakwenda Nyabugogo. Gunia halina mwenyewe.

Jumatano, 9 Mei

Niliomba ruhusa kazini. Nilisema ninaumwa jino. Mkuu wa stoo akataka kujua jino lipi, nikamwonyesha. Akasema wiki iliyopita lilikuwa la upande wa pili.

Nyabugogo, saa nne asubuhi. Malori yamepanga mstari, wapagazi wanashusha magunia. Mvua imekatika, udongo umelainika, kila gunia likianguka linatoa sauti ya kupendeza mno. Nikasimama kwenye kona, nikatoa redio-kaseti yangu, nikanyoosha kipaza sauti.

Mpagazi mmoja kifua wazi akaweka gunia chini polepole kama anayemlaza mtoto. “Wewe iko mtu wa redio?”

Nikasema hapana. Akawageukia wenzake: “Anasema hapana. Ni wa redio huyu!”

Kufumba na kufumbua nina foleni. Hakuna aliyebeba gunia tena. Kila mtu anafuta jasho, anakohoa, anasogelea kipaza sauti. Mimi nasalimia mama yangu kule Gitarama, nguo ilifika. Mimi nasalimia shemeji yangu Ruhengeri, mwambie ile mbuzi mimi bado naikumbuka. Mimi nasalimia wote wanaonifahamu, isipokuwa Munyaneza. Munyaneza mwenyewe alikuwa wa tatu nyuma yake. Akatoka kwenye mstari kujibu, na majibu yake nayo yamo ndani.

Nikawaomba warudi kazini, nataka magunia tu. Wakacheka sana. Mwenye lori akaja kuuliza nani amesimamisha mali yake. Wote wakaninyooshea kidole kwa adabu, mmoja akiniita Monsieur.

Mavuno ya siku: dakika arobaini za salamu. Magunia: sifuri. Nimesikiliza yote jioni. Yule wa mbuzi ana sauti nzuri.

Ijumaa, 11 Mei

Kesho kaseti inatakiwa kwa Rutayisire. Sijarekodi hata noti moja.

Na sasa hili. Jana nilikuwa naitafuta noti yangu ya kwanza. Niliipiga mara arobaini, labda hamsini. Sikujua kwamba upande wa pili wa ukuta Gahongayire yuko na akina mama wenzake wa rozari. Leo mchana nimerudi nimekuta umeme umekatwa chumbani kwangu tu. Fyuzi ameichomoa, ameifunga kwenye pindo la kitenge chake, mahali ambapo mwanamume mwenye akili haifuati. Nilimwambia hii ni sanaa. Akanijibu kwamba hata mbuzi anayelia ana sababu zake.

Mpango: betri. Kinanda kina zake nzuri. Redio-kaseti ina sita kuukuu, za tangu Pasaka. Nikazianika juu ya bati kama mihogo, kila mtu anajua jua linaziamsha. Zikaamka. Nikarekodi.

Naandika bila majivuno: ni kazi yangu bora kuliko zote. Inaitwa “Machozi ya Karani”. Dakika tano. Taratibu, nzito, ya mtu aliyeona mengi. Nimeisikiliza mara moja ilivyorekodiwa, imekaa sawasawa, ina uzito wa kaburi.

Kisha maneno, maana mimi wa mwisho kurekodi ndiye wa kwanza kusema. Nikasikiliza wimbo wa Rutayisire kwa mara ya kwanza. Maajabu! Mwalimu wa hesabu, mtu anayepima chai kwa kijiko kilichosawazishwa, ametunga maombolezo. Polepole, sauti za chini kabisa, ungedhani jeneza linavushwa kijito. Hata wa Générose ulisikika mzito kuliko Jumamosi. Nikaona masikio yangu yanakomaa.

Hapa nikaweka mtego. Nikimtaja Générose, namwongezea. Nikamtaja Rutayisire. Nikasema mazuri yake si matatu bali saba: mwendo wa msiba, subira, kina, na kwamba niliwakumbuka marehemu wote wa kwetu Bujumbura. Baya, nikasema, silioni.

Niliondoka kinandani nikiwa nimechoka kwa wema.

Jumanne, 15 Mei

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Nimepita dukani kwa Jean-Berchmans baada ya kazi. Kaseti ilikuwa imeshafika kwake, Générose aliileta leo kutoka kazini. Kabla sijaingia nikasikia muziki. Nikasimama nje, nyuma ya lundo la redio zilizokufa, ili niyapokee mambo kwa faragha.

Unaanza kama “Machozi ya Karani”, ila kwa haraka. Halafu unazidi. Unapanda! Noti zinapanda, mwendo unapanda, machozi yangu yanakimbia ngazi, na kufika dakika ya mwisho ni panya aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa. Wimbo wangu! Uzito wa kaburi!

Na ndani wanacheka. Jean-Berchmans anapiga meza kwa bisibisi. Générose nilimsikia vizuri kabisa: “Rudisha! Rudisha pale anapoanza kupanda!” Wakaurudisha. Wakacheka tena. Mara tatu! Hata mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake alicheka, na huyo hata si mwanachama.

Nikaondoka kwa kunyata.

Nimefikiri njia nzima. Redio-kaseti yangu iliupiga sawasawa, kwa hiyo kosa si langu. Rutayisire alikaa na kaseti siku mbili. Mwalimu wa hesabu. Watu wa namna hiyo wanajua mambo ya kuongeza na kuzidisha. Ameuzidisha wimbo wangu! Na mimi kwa ajili yake niliwalilia marehemu wote wa Bujumbura.

Jumapili watausikia mbele yangu, wacheke usoni. Haitakuwa. Kaseti lazima irudi mikononi mwangu.

Alhamisi, 17 Mei

Mpango umefaulu kama saa ya posta.

Jana nilimwendea Jean-Berchmans. Nikasema nimesahau kutaja jina la wimbo mwanzoni, naomba kaseti ya nyimbo kwa siku moja. Alikuwa ameinamia redio, mdomoni ana skrubu mbili. Akanipa. Akasema, “Taja jina tu, Iteka. Wimbo usiuguse, umesikia?” Kisha akatoa zile skrubu mdomoni, uso umekunjuka, akaanza: “Na huo wimbo wako, sha, ndugu yangu...”

Najua, nikamkata. Najua, tuonane Jumapili. Sikutaka kusikia. Akacheka peke yake akarudisha skrubu zake.

Kaseti ya maneno ilikuwa pale pale mezani. Sikuigusa. Ya nini? Kicheko chao nilikwisha kukisikia bure.

Fyuzi nilirudishiwa leo kwa kumwandikia Gahongayire barua ya Kifaransa ya kurasa tatu kwa binamu yake. Aliponikabidhi akaniuliza, hivi ule uzi wa kahawia wa Kagarama niliupata? Nikashtuka. Akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba alifanya biashara ya samaki Bukavu miaka tisa.

Naomba iandikwe hapa kwamba Mama Gahongayire ni mama mwema, mwenye moyo mkubwa, na maharage yake yanaiva vizuri.

Nimerekodi upya, kwa umeme. “Machozi ya Karani” ya sasa imenyooka kama rula. Noti ya kwanza na ya mwisho zina mwendo uleule, nimezipima kwa saa ya ukutani. Yule panya amefutika, juu yake nimeweka muziki wa mtu mzima. Sasa wacheke.

Jumapili, 20 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti ya stoo, nisije nikalia.

Saa nane mchana, dukani, mlango umefungwa nusu. Générose amekuja na ndizi za kukaanga. Mashine ya ngoma iko katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe. Kaseti ya nyimbo kwanza.

Wimbo wa Rutayisire ukaanza. Nikageuka kumtazama kwa majonzi, nimeshajiandaa kwa msiba. Ulikuwa ni wimbo wa harusi! Mbio, shangwe, vigelegele vya kinanda. Nikadhani kaseti imekosewa.

Wa Jean-Berchmans. Wa Générose, na kengele yake, na kimya kile. Jamani. Ukiurudia ni mzuri zaidi, kwa sababu safari hii unajua gunia linakuja na bado linakukuta hujajiandaa.

Kisha wangu. Umenyooka. Dakika tano. Nilitazama nyuso zao. Générose alikuwa ameshika ndizi njiani kuelekea mdomoni, na pale ilibaki. Ulipoisha Jean-Berchmans akauliza taratibu, “Na ule mwingine?”

Upi, nikauliza.

Ule unaopanda, akasema Rutayisire.

Nikaona hii ndiyo saa ya kujiokoa. Nikasema ule haukuwa wangu. Wakashangaa. Nikasema mara ya pili: si wangu, ni uchafu uliingia kwenye kaseti, mimi siwezi kutunga kitu kama kile. Générose akauliza kama nina hakika. Nikasema mara ya tatu, nikiapa kwa marehemu babu yangu.

Wakaangaliana. Jean-Berchmans akaweka kaseti ya maneno.

Wa kwanza mimi. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya panya. Panya mwenye haraka, anayezidi kuwa na haraka, anamsifu Rutayisire kwa mwendo wa msiba na jeneza. Générose aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Jean-Berchmans alilazimika kushika rafu. Mimi nilisoma bei za fyuzi ukutani.

Rutayisire peke yake hakucheka. Aliinua kidole, kama darasani. Akauliza nilirekodi kwa umeme gani. Betri, nikasema. Za lini? Za Pasaka. Akaeleza: betri zikichoka, kinasa kinavuta utepe polepole. Kwa hiyo wimbo wa harusi niliusikia kama maziko. Na kilichorekodiwa polepole, kikipigwa kwenye mashine yenye nguvu, kinakwenda mbio. Betri zilivyozidi kufa, ndivyo wimbo ulivyozidi kupanda. Akaongeza kwamba ni hesabu ya darasa la sita.

Hakuna aliyekuwa ameuzidisha. Nilimtazama nikimwomba radhi kimoyomoyo.

Kisha sauti yake ikaja kwenye kaseti. Mazuri matatu, yote ya wimbo unaopanda. Amemtaja Iteka.

Nikadhani sikusikia vizuri.

Générose. Nimeyashika maneno yake yote, maana hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yangu: “Miaka minne natafuta sauti ya kupanda kilima cha mji huu kwa miguu. Unaanza umejaa heshima, katikati pumzi zinakata, juu unafika umekuwa mtoto. Nilishindwa. Iteka kaipata. Tulicheka kwa raha mpaka machozi. Baya ni kwamba ni mfupi. Namtaja Iteka.”

Jean-Berchmans. Amemtaja Iteka.

Watatu kati ya watatu. Haijawahi kutokea, hata kwa Générose. Mashine ilikuwa yangu tangu Jumanne, wakati nimejificha nyuma ya redio zilizokufa.

Nikasimama. Nikasema sasa nakumbuka vizuri, ule wimbo ni wangu.

Rutayisire akauliza: na babu?

Nikasema babu ni mtu wa kusamehe. Haikusaidia. Jean-Berchmans alinitazama kwa huruma ya kweli, jambo baya kuliko hasira. Akasema kaseti haina wimbo, mwenye wimbo ameukana mara tatu mbele ya mashahidi, na yeye hawezi kumpa mtu mashine kwa kitu alichokifuta kwa mkono wake. Rutayisire akasema kwa haki wimbo ni wa betri, ila betri hazina pa kuiweka mashine.

Wakataja upya. Wawili kwa Générose. Générose kwa Rutayisire. Na kura yangu ya panya, ile ya jeneza? Rutayisire mwenyewe akaikataa. Hachukui kura, akasema, ya mtu ambaye hakuusikia wimbo wake. Nimemdharau mwalimu huyu miezi kumi na moja. Nilikosea kama miezi kumi.

Générose akaibeba mashine kwa mikono miwili. Kabla ya kutoka akafungua mkoba akatoa kaseti. Aliunakili wimbo wangu Jumatatu, kabla ya kuupeleka dukani, ili awe nao. Akaupiga. Tuliusikiliza wote wanne, mlango umefungwa nusu. Sasa sikusikia panya. Nilisikia mimi mwenyewe nikipanda kutoka Nyabugogo.

Ni mzuri mno, ule wimbo. Yule aliyeufuta ni mjinga.

Jumatatu, 21 Mei

Générose amenipitia stooni saa ya chakula. Nilikuwa nimepanga kumkwepa, lakini alimuuliza mkuu wa stoo, naye akanisindikiza mwenyewe, akidhani ni daktari wa meno.

Amesema mashine haiwezi kukaa na mtu mmoja. Kila Alhamisi mpaka Jumatatu itakuwa kwangu. Nikauliza anataka nini badala yake. Hataki kitu! Nilimtafuta ujanja usoni kwa muda mrefu. Haukuwepo. Kuna watu wanaishi hivyo, bila ya kichochoro hata kimoja.

Kisha akanifundisha, amesimama kati ya maboksi. Mashine inahifadhi midundo kumi na miwili. Minane ya kwanza ni yake, ya mwaka mzima, minne iliyobaki nijaze yangu. Yake nisikilize nipendavyo. Nitasikia ngoma inachelewa kidogo, akasema, na si kosa. Mpagazi hatupi gunia kwa kuhesabu. Analitupa mgongo unapokataa. Kuchelewa huko alikutafuta wiki kwa wiki.

Akaniambia na jambo la mwisho, kama dada mkubwa: “Wimbo wako ulikuwa umepinda vizuri, ukaunyoosha. Iteka, kitu kikipinda vizuri kiache.”

Nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani juu ya kitanda. KITU KIKIPINDA VIZURI KIACHE. Mama Gahongayire, mama mwema, ameuliza kama linahusu ukuta wake.

Nimeapa. Hakuna mipango tena. Na safari hii si kwa babu, ni kwangu mwenyewe.

Jumamosi, 26 Mei

Mashine iko chumbani kwangu tangu juzi! Nimeifunika kitambaa. Naifunua kila nusu saa kuona kama bado ipo.

Nimesikiliza midundo yote minane ya Générose. Mara nyingi. Ni kazi kubwa, nasema bila wivu. Ule wa tano ungeweza kumwinua mgonjwa. Nimekaa nao mpaka chai ikapoa, nikiwaza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na masikio hayo pamoja na moyo huo.

Ndipo nikaanza kuwaza nitamlipaje wema wake. Si mpango. Ni shukrani tu. Ingawa ni kweli pia kwamba mtu aliyefurahi sana anaweza kuona hakuna haja ya kuifuata mashine Jumatatu, akaiacha mwezi mzima.

Nimesikiliza tena, safari hii na saa ya ukutani. Ana haki, ngoma inachelewa. Yeye anafikiri inachelewa kidogo. Nimepima: inachelewa sana, na kila mara tofauti! Katika mdundo wa tatu kuna gunia moja limechelewa mpaka nimeona aibu kwa niaba yake. Maskini, kazi ya ofisi asubuhi mpaka jioni, kisha kabatini. Amechoka, na hana wa kumwambia.

Nimemsaidia. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka sasa saa kumi, kitufe kwa kitufe. Mmoja baada ya mwingine nimeinyoosha yote minane, kila ngoma imekaa mahali pake kamili, kisha nikaihifadhi palepale ilipokuwa ya zamani. Hakuna tena hata moja inayochelewa. Ukisikia unaweza kuwekea saa yako.

Sitamwambia mapema. Jumatatu akija nataka aione furaha hiyo mwenyewe, bila ya kutayarishwa.

Nimepiga pasi shati jeupe la kupokelea shukrani.